Koti la Ulaya na Fedha ya Mabati

Kambini habari ya safari haifichiki. Kabla muuguzi yule hajamaliza kuisoma barua ya chuo kwa mara ya pili, jirani wa mkono wa kushoto alikuwa amekwisha kuingia na kigoda chake mwenyewe, na jirani wa mkono wa kulia alikuwa amesimama mlangoni akiuliza huko aendako watu hula nini. Barua ilitoka Chuo Kikuu cha Umeå, kaskazini mwa Sweden. Ilimwita kwenda kusomea afya ya jamii kwa miaka 2, kuanzia mwisho wa Agosti 2023, kwa fedha za msaada wa masomo.

Mwanamke huyo ni mke wa sajini katika kambi ya Bombo, kaskazini ya Kampala, katika barabara iendayo Gulu. Mumewe, kama ilivyo kwa askari wengi, hulala nyumbani pale kazi inapomruhusu. Watoto wao wawili wakubwa walikuwa katika shule ya bweni; wa tatu, binti wa miaka 4, hakuwa na mtu wa kubaki naye. Yakafanyika mashauri ya usiku, yale ya sauti ya chini baada ya taa kuzimwa, ikaamuliwa kwamba mtoto aende na mama yake. Msaada wa masomo ulikuwa umepimwa kwa mwili mmoja. Mwili wa pili ungelishwa na kuvikwa kwa fedha ya nyumbani.

Na fedha ya nyumbani ilikwisha kuwa na kazi yake. Kwa muda wa miaka 5 mume na mke walikuwa wakiweka kidogo kidogo katika chama cha akiba na mikopo, na kiasi kile kilikuwa na jina: mabati. Kijijini nyumba yao ilikuwa imesimama kuta tupu, matofali ya kuchoma, ikingoja kuezekwa. Aliyejenga anajua kwamba ukuta usio na paa ni chakula cha mvua. Kila msimu unaopita, safu ya juu hulegea, udongo wa kushikiza matofali huoshwa, na fundi akirudi huanza kwa kubomoa. Hivyo kila shilingi iliyotoka katika akiba ile ilikuwa bati moja lililochelewa.

Watu waliomshauri walikuwa wengi, na karibu wote walisema neno moja: nunua kila kitu hapa, huko ni ghali. Hawakusema uongo. Krona moja ya Sweden wakati huo ilikuwa takriban shilingi 340 za Uganda, na bei ya nguo dukani kule imekwisha kubeba ndani yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 25. Koti jipya la kipupwe, la kawaida tu lisilo la fahari, linaweza kupita krona 2,000, yaani shilingi 680,000. Mume alipoipiga hesabu hiyo kwa mara ya kwanza kwenye karatasi aliikunja karatasi akaitia mfukoni.

Basi wakaenda Kampala kununua. Katika duka moja la katikati ya mji lilining'inizwa koti refu, jeusi, lenye vifungo vya dhahabu na manyoya shingoni kote. Mwenye duka aliliita koti la Ulaya. Alilishika kwa mikono miwili kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga, akasema wake za mabalozi hununua la namna hiyo hiyo. Bei ikashuka kutoka 500,000 hadi 420,000. Liliongezwa koti la mtoto, la rangi ya waridi, lenye masikio ya sungura kwenye kofia. Zikaongezwa buti za kike zenye kisigino, sweta tano za pamba, na glavu za uzi. Jumla yake ilikuwa shilingi 1,100,000.

Hapa yafaa kusema wazi kwamba mwenye duka hakuwa mwizi. Aliuza alichokuwa nacho, na yeye mwenyewe hakuwahi kusimama mahali ambapo maji ya mto hugeuka njia ya kupita kwa miguu. Mtu huweza kumwuzia mwenzake koti la baridi katika joto la nyuzi 27 kwa moyo mweupe kabisa. Alama zote za baridi zilikuwapo katika koti lile: manyoya, urefu, uzito. Baridi yenyewe ndiyo haikuwapo dukani ili kulipima.

Jioni hiyo baba mzazi wa muuguzi, sajini mstaafu, alikuja kuaga. Mzee huyo alikuwa milimani Ruwenzori miaka ile ya mwisho ya 1990, jeshi lilipopigana na waasi wa ADF katika miteremko yenye ukungu na matope. Alikuja amebeba kitu kilichofungwa katika shuka kuukuu. Kilikuwa kabuti la babu, aliyelitumikia jeshi la King's African Rifles na kurudi nalo nyumbani: sufu nzito ya rangi ya udongo, lililonuka dawa ya nondo, lenye vifungo viwili visivyofanana na vingine.

“Mwanangu,” alisema, “hili ni sufu. Chukua.”

Binti alitazama koti jeusi lililolazwa kitandani, akatazama kabuti. “Baba, ahsante. Lakini huko nitakuwa na wasomi. Nikitokea na kabuti la mlinzi watasemaje?”

Mzee hakubishana. Alilikunja tena taratibu. “Basi sikia hili moja. Mlimani baridi haikutuingilia kifuani. Ilituingilia miguuni. Aliyekuwa na soksi kavu ndani ya mfuko wa shati alifika asubuhi. Na kiatu kisikubane. Kiatu kikikubana, damu haishuki.”

Maneno hayo yaliitikiwa kwa heshima, yakasahauliwa kabla ya chai kupoa.

Walifika Umeå mwishoni mwa Agosti, kwa treni iliyowachukua zaidi ya saa sita kutoka Stockholm. Mji ulikuwa mzuri. Mitaa imepandwa miti ya betula, yenye magome meupe, tangu mji ulipoteketea kwa moto mwaka 1888 na kujengwa upya. Majani yalikuwa mabichi, watu walikaa nje wakila aiskrimu, na jua la jioni lilikuwa bado kubwa saa mbili za usiku. Muuguzi alimwandikia mumewe kwamba baridi ya huko si neno, ni kama asubuhi ya Kabale. Koti jeusi likakaa kabatini na heshima yake.

Mwezi wa Oktoba majani yalianguka yote kwa siku chache. Mapema mwezi wa Novemba, ardhi ilikuwa nyeupe na maji ya barabarani yamekuwa kioo. Ndipo koti la Ulaya lilipotolewa. Siku ya kwanza upepo ulipita katikati ya vifungo vya dhahabu kama mtu anayepita mlangoni kwake. Ndani ya koti hamkuwa na sufu wala manyoya ya bata. Mlikuwa na sponji nyembamba iliyoshonewa kitambaa cha kung'aa. Siku ya nne zipu ya ndani ilikatika. Wiki ya pili, akimpeleka mtoto shule ya chekechea asubuhi yenye giza, kisigino cha buti kiliteleza juu ya barafu, wakaanguka wote wawili. Mtoto aliangukia theluji laini, akacheka. Mama aliangukia mkono, na kifundo kikavimba kwa wiki tatu, asiweze kuandika masomo yake kwa mkono huo.

Jambo lililomwumiza zaidi lakini halikuwa mkono. Katika nchi ile watoto wa chekechea hutolewa nje kila siku, theluji ianguke isianguke. Wadogo kabisa hulazwa usingizi wa mchana nje ndani ya vigari vyao, wamefunikwa vizuri, na wazazi huona hilo kuwa ni afya. Siku hiyo binti alikuwa na koti lake la masikio ya sungura na glavu za uzi. Glavu za uzi zikishika theluji hulowa, na zikilowa katika baridi huwa afadhali zisingevaliwa. Mama alipofika kumchukua alimkuta amevaa mavazi ya akiba ya shule, makubwa kuliko yeye, macho mekundu kwa kulia, na vidole vyake vikiwa vimepashwa moto mikononi mwa mwalimu. Mwalimu alizungumza kwa upole kabisa. Alimpa karatasi yenye orodha: ovaroli ya baridi isiyopitisha maji, suruali ya mpira kwa siku za matope, nguo ya ndani ya sufu, kofia inayofunika masikio, jozi mbili za glavu zisizolowa, viatu vya baridi vyenye nafasi ya soksi nene, na kila kimoja kiandikwe jina. Muuguzi, ambaye kwa miaka 9 alikuwa akiwaelekeza akina mama wengine jinsi ya kuwatunza watoto wao, aliichukua karatasi ile na kuitazama njia nzima bila kuisoma.

Usiku huo alimpigia mumewe simu.

“Mama watoto,” sajini aliuliza baada ya kusikiliza, “koti lile la laki nne limekwenda wapi?”

“Lipo, Baba watoto. Linaning'inia.”

“Linaning'inia au linavaliwa?”

Hakujibu. Mume naye hakuongeza neno. Alisema atafikiri, simu ikakatwa, na siku tatu zikapita bila ujumbe. Wenye ndoa za kambini wanaijua kimya ya namna hiyo. Si hasira peke yake. Mtu anakaa na hesabu mbili, na hesabu zote mbili ni za watoto wake.

Aliyeivunja kimya hiyo alikuwa mzee. Alisikia habari kwa njia ambazo wazee husikia, akapanda teksi ya abiria mpaka Bombo, akamkuta mkwewe akisafisha buti. Inasemekana hakukaa hata kitako. “Mkwe wangu,” alisema, “ukuta tutaufunika kwa nyasi msimu huu. Nyasi zipo. Mtoto hafunikwi kwa nyasi.” Jumamosi iliyofuata wanaume hao wawili walikwenda kijijini, wakafunga matita ya nyasi na turubai kuukuu juu ya kuta. Siku ya Jumatatu fedha ikatumwa.

Wakati huo huo muuguzi alikuwa amekwisha kumpata mwalimu mwingine. Katika foleni ya duka la vyakula alisikia nyuma yake mama mmoja akimkemea mtoto kwa Kiswahili cha Kivu, akageuka kama aliyeitwa jina lake. Mama huyo alikuwa Mkongo. Alikuwa ameishi miaka katika kambi ya wakimbizi nchini Uganda kabla ya kupokewa Sweden, na huu ulikuwa msimu wake wa sita wa kipupwe. Alimtazama mwenziwe kutoka manyoya ya shingoni hadi visigino, akatikisa kichwa.

“Dada, hili ni koti la kupigia picha. Kesho nitakupeleka ninaponunua mimi.”

Alipompeleka, muuguzi alisita mlangoni. Lilikuwa duka la mitumba. Siku chache tu kabla hajaondoka nyumbani, mwezi huo wa Agosti, Rais Yoweri Museveni alikuwa ametangaza kupiga marufuku nguo za mitumba ili mavazi ya Kiafrika yapate soko, na Kampala nzima ilikuwa ikibishana: wachuuzi wa Owino upande mmoja, wenye kutetea pamba ya nyumbani upande wa pili, na katikati yao wale wanaosema tu kwamba hizo ni nguo za wafu. Yeye binafsi alikuwa amejiahidi kwamba Ulaya hatavaa kilichovaliwa na mwingine. Mke wa askari hupimwa kwa mavazi yake, alikuwa akisema, kwa sababu hana cheo mabegani.

Ndani ya duka mlikuwa na nini? Mlikuwa na mwanamke mzee wa Kiswidi aliyevaa vizuri akichagua sweta. Mlikuwa na vijana wa chuo, tena mmoja wao alikuwa wa darasa lake. Mlikuwa na baba aliyembeba mtoto mgongoni akipima ovaroli. Hakuna aliyekuwa akiinama kuficha uso. Nchini humo biashara hiyo ni ya zamani na ya heshima; Myrorna, maduka ya Jeshi la Wokovu ambayo jina lake maana yake ni sisimizi, yalianza mwaka 1896, na faida yake huenda katika kazi za kusaidia wenye dhiki. Mtoto hukua upesi kuliko ovaroli yake inavyochakaa, kwa hiyo ovaroli moja nzuri hupitia watoto watatu au wanne, na hakuna mzazi anayeona haya kwa hilo. Aghalabu zile zinazobaki bila mnunuzi hufungwa marobota na kusafirishwa ng'ambo. Muuguzi alisimama mbele ya safu ya makoti akatambua jambo lililomfanya acheke peke yake: namna hiyo hiyo ya makoti alikuwa akiyaona Owino tangu utotoni, yamelundikwa chini, yakiuzwa kwa bei ya kuku kwa wapanda pikipiki wa usiku.

Yule Mkongo hakumruhusu kutazama rangi. Kwanza alilikamua koti kwa kiganja ili kuona kama linajaa tena likiachwa. Aliangalia zipu, akaivuta juu na chini mara kumi. Aliangalia kama koti linafunika makalio, kama mikono ina mpira wa kubana pale upepo unapoingilia, na kama nafasi inatosha kuvaa sweta ndani bila kubanwa. Kwa maana kinachomtia mtu joto ni hewa iliyotulia kati ya nguo na nguo, na koti linalobana haliachi mahali pa hewa hiyo kukaa. Hayo ni mambo ambayo askari yeyote aliyelala lindo anaweza kuyaeleza, ingawa hajaona theluji.

Alimfundisha pia jambo ambalo sweta zake tano zilikuwa zimelificha. Pamba, ambayo kwetu ni rafiki wa mwili, ni adui katika baridi. Inakunywa jasho na kulishika, na mtu akisimama baada ya mwendo wa haraka jasho lile humgeukia kama kitambaa cha maji baridi. Inayofaa kugusa ngozi ni sufu nyembamba, kama ile ya kondoo wa merino isiyowasha, kwa kuwa sufu huendelea kutia joto hata ikiwa na unyevu. Juu yake sweta, juu ya sweta koti la kuzuia upepo. Na wala mtu asijivike vitu vinene asivyoweza kuvivua: nyumba zao, madarasa yao na mabasi yao yana joto la kutosha kukaa na shati, na viatu huvuliwa mlangoni. Kwa hiyo mwenye sweta moja nene kama godoro hutokwa na jasho darasani, kisha hutoka nje amelowa. Mikono nayo hupata joto zaidi katika glavu zenye kidole gumba peke yake, ambamo vidole vinne hukaa pamoja kama watoto katika kitanda kimoja.

Walipofika kwenye viatu, mama wa Kivu alisema viatu vya mtoto visinunuliwe vya mitumba, kwa sababu kiatu hufuata mguu wa mwenyewe wa kwanza. Hapo ndipo fedha mpya iingie. Saizi iwe kubwa kwa namba moja, ili soksi nene ikae na damu ishuke. Muuguzi alisimama na kiatu mkononi. Aliyasikia maneno hayo hayo kabla, katika chumba cha Bombo chenye harufu ya dawa ya nondo.

Hesabu ya siku hiyo na ya siku zilizofuata ilikuwa hivi. Koti la mitumba lenye manyoya laini ya bata, krona 250. Ovaroli ya mtoto, krona 120. Suruali ya mpira, krona 60. Buti mpya za mama zenye soli ya meno, krona 900. Viatu vipya vya mtoto, krona 550. Nguo za ndani za sufu kwa wote wawili, krona 500, tena hizo alizingoja mpaka baada ya Krismasi, wakati maduka mengi ya Sweden yanaposhusha bei. Jumla krona 2,380, yaani shilingi laki nane na ushei. Kwa maneno mengine, vyote vilivyowafaa viligharimu pungufu ya vile visivyowafaa. Kama fedha ya safari ingalikwenda mfukoni badala ya kwenda katika masanduku, mabati yangalikuwa juu ya nyumba mwaka huo huo.

Vipo vitu vidogo ambavyo havikuwamo katika hesabu ya mtu yeyote. Kimoja ni vyuma vyenye meno vinavyofungwa chini ya kiatu siku za barafu tupu. Baadhi ya manispaa huwapa wazee bure, maana nyonga moja iliyovunjika ni ghali kuliko jozi elfu za vyuma. Kingine ni kipande cha kuakisi mwanga, kinachoning'inizwa kwenye koti. Katikati ya Desemba jua la Umeå huchomoza baada ya saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa nane mchana, na mtu mwenye koti jeusi katika giza hilo haonekani na dereva. Mtoto alivipenda vipande hivyo kuliko nguo zote. Alijitundikia vinne.

Januari 2024 baridi ilikuja kwa nguvu zake zote. Tarehe 3 ya mwezi huo, Kvikkjokk-Årrenjarka, huko mbali zaidi kaskazini, kilipimwa kipimo cha nyuzi 43.6 chini ya sifuri, ambacho Sweden haikuwa imekiona katika mwezi wa Januari kwa miaka 25. Umeå haikufika huko, lakini ilishuka kupita ishirini chini ya sifuri, na pumzi iliganda kwenye kope. Asubuhi moja ya siku hizo sajini alipiga simu ya picha. Alimwona binti yake nje, mviringo kama tenga la nguo, amelala chali juu ya theluji akipiga mikono na miguu.

“Ameanguka?” aliuliza kwa hofu.

“Anacheza,” mama alijibu. “Hataki kuingia ndani.”

Mume alitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama soksi zake ni kavu.

Walirejea nyumbani Juni 2025. Kijijini, nyasi na turubai zilikuwa zimelinda sehemu kubwa ya kuta, ila safu mbili za juu upande wa mashariki zilikuwa zimekwisha kuliwa na mvua. Zikabomolewa na kujengwa upya kabla ya fundi kupandisha mbao. Mzee aliletewa jozi sita za soksi za sufu. Alivaa moja hapo hapo, katika joto la mchana, akakataa kuzivua. Ovaroli ya mtoto ilikwisha kubaki Umeå kwa mtoto wa yule mama wa Kivu, ambaye wakati huo alikuwa amefikia kimo chake.

Koti la Ulaya nalo halikurudi. Wiki moja kabla ya safari muuguzi alilipeleka duka lile la mitumba, akalikabidhi mezani. Mhudumu aliijaribu zipu, akayapapasa manyoya ya shingoni, akatabasamu kwa adabu, na badala ya kulitundika pamoja na mengine alilitia katika toroli kubwa lililokuwa nyuma yake, la nguo zinazongoja kufungwa marobota. Jioni mumewe aliposimuliwa habari hizo alicheka mpaka simu ikamwanguka.

“Basi usijali, Mama watoto,” alisema alipoiokota. “Nitalitafuta Owino.”